Mama wa Spea anajibu: BMW ya dalali, Benzi ya wakili mwenzangu au Lexus ya mzee wa Njiro?

Shikamoo Mama wa Spea,

Nakuandikia nikiwa njia panda, na sisemi kwa mafumbo: naishi Njia Panda ya Himo, ofisi yangu iko Moshi mjini, na nusu ya kesi zangu ziko Arusha. Ni wakili wa kujitegemea, umri miaka 43, mke mmoja, watoto watatu. Kwa wiki naenda Arusha mara mbili, siku nyingine naishia Moshi. Tangu 2014 natembelea Premio ambayo haijawahi kuniangusha, ila sasa imechoka, nami nikwambie ukweli, imenichosha. Mwezi uliopita nilimpeleka mteja Mahakama Kuu Arusha, mlango wa nyuma ukagoma kufunguka kwa ndani. Nikashuka na joho mkononi nikazunguka kumfungulia kama dereva wa teksi.

Nimejikusanyia milioni 42. Nataka gari dogo la heshima, la kubeba watu watano, linalokaa barabarani. Nimeangalia matatu.

La kwanza ni BMW 320d ya 2013 iliyotoka Uingereza. Iko kwa dalali Arusha, anataka milioni 36. Shemeji yangu wa Dar anayo ya aina hiyo. Anasema kwa kuwa ni dizeli itakunywa mafuta kidogo mno, na kwamba nikishaiendesha sitarudi tena kwenye Toyota. Imetembea 71,000 tu. Nimeijaribu mara mbili, na mara zote nimeikuta inaunguruma tayari. Dalali anasema huwa anachaji betri. Ukiikanyaga, Mama, kiti kinakusukuma mgongo. Nimeshatoa kianzio cha milioni 2, na tumeandikishana kwamba nikibadili mawazo kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo ananirudishia.

La pili ni Mercedes C200 ya 2011 ya wakili mwenzangu hapa Moshi, namba D, milioni 29. Ndani ni sebule. Taa ya injini huwaka siku mbili ikazima wiki nzima. Yeye anasema ni sensa ya oksijeni, ameshaizoea.

La tatu ni Lexus IS 250 ya 2010 ya mzee mstaafu wa Njiro, anataka milioni 25. Safi kama sahani ya wageni, ila ikisimama kwenye taa inatetemeka kidogo. Shemeji alicheka sana: "Hiyo ni Toyota imebadilishwa nembo."

Mama watoto hataki kusikia hata moja kati ya hizo. Anasema ninunue Mark X, chenji itakayobaki tumalizie uzio. Namheshimu, lakini Mark X ni gari la vijana. Wakili akishuka humo wateja watadhani amemnyang'anya mwanawe ufunguo. Na kuna rafiki anayesema niachane na zote, niagize Audi A4 Japani.

Nichukue lipi? Na haya maneno ya turbo, dizeli na silinda sita yana maana gani kwa mtu wa barabara ya Himo na Arusha?

Wakili wa Njia Panda

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, maana majibu mengi umeyaandika mwenyewe bila kujua. Wewe ni wakili, utanielewa nikisema shahidi ameongea zaidi ya alichoulizwa.

Miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta hii sijawahi kuuza BMW, wala Benzi, wala Lexus. Nauza cheni, gasketi, pampu za maji na plagi. Mteja akisema "nataka spea ya BMW" namrudisha nje akasome namba ya chesisi, kwa sababu nembo ya kwenye boneti hainisaidii kitu. Namba za nyuma nazo ni za kuuzia maneno. Hiyo C200 ya mwenzako ukifungua kadi utakuta cc 1,796, siyo 2,000. BMW 320i na 328i za 2013 zina injini ileile ya cc 1,997, zimetofautiana kwa jinsi zilivyopangwa nguvu. Mwili mmoja, miaka ya karibu, na ndani yake unaweza kukuta injini ya kuzeeka nayo au injini ya kukuuzisha shamba. Kwa hiyo mimi nitakujibu kwa injini.

Tuanze na BMW, maana huko ndiko moyo wako uliko na milioni 2 zako ziko hukohuko.

Umesema limetembea 71,000 na limetoka Uingereza. Dashibodi ya gari la Uingereza husoma maili. Maili 71,000 ni kama kilomita 114,000. Dalali hakudanganya, alinyamaza tu, na wewe hukuuliza. Kwa umri wa gari hilo kilomita hizo si dhambi, ila hata hizo usizimeze hivihivi. Kule kwao gari likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na kila ukaguzi huandika maili zilizosomeka siku hiyo. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure, ukiwa na namba ya usajili wa kule. Mwambie dalali akupe namba ya zamani kutoka kwenye karatasi za kusafirishia. Akisema zimepotea, andika hilo pembeni.

Sasa injini. 320d ya 2013 inabeba injini ambayo BMW wanaiita N47. Ina nguvu za farasi 184 na msukumo wa Newton-mita 380, ndiyo maana kiti kilikusukuma mgongo, hukuota. Tatizo lake linajulikana dunia nzima: cheni ya taimingi, ile inayopanga zamu za valvu na pistoni zisigongane. Injini nyingi cheni yake iko mbele, fundi anatoa feni na kava anaiona. Hii imewekwa nyuma, upande wa flaiwili, imebanana na giaboksi. Kuifikia ni lazima giaboksi na injini viachane, na mafundi wengi huishusha injini nzima. Cheni ikianza kulegea au reli za plastiki zinazoiongoza zikilika, gari hukwambia kwa namna moja: asubuhi, injini ikiwa baridi, sekunde za kwanza inakwaruza. Ikishapata moto na oili ikapanda, kelele inapungua au inanyamaza kabisa.

Mara mbili umeenda na mara mbili umelikuta linaunguruma. Mwanangu, betri ya gari zima haichajiwi kila mteja akikaribia geti.

Sisemi cheni imekwisha. Sijalisikia gari lenyewe. Nasema wewe pia hujalisikia, na kuna mtu anayehakikisha hulisikii.

Ugonjwa huu ninaujua kwa mwili wangu. Mwaka 2016 nilinunua gari la Kijerumani, jina nalihifadhi, zuri, jeusi, nikawa napaki mbele ya duka watu walione. Ilipofika Juni, na baridi ya Arusha unaijua, kila nikiliwasha asubuhi lilifanya krrr sekunde tatu, kama mtu anamwaga karanga kwenye sufuria. Fundi niliyekuwa naye wakati ule akasema ni baridi. Mimi, muuza cheni, nikakubali kwamba ni baridi. Miezi minne baadaye, natoka Kisongo na mzigo, cheni ikaruka meno. Pistoni zikakutana na valvu, na stori ya injini ile ikaishia pale pembeni ya barabara nikisubiri breki dauni. Cheni mpya ya gari lile ilikuwa dukani kwangu, rafu ya tatu, nimeipanga kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini nisimwonee shemeji yako. Kwenye mafuta anasema kweli, na hesabu yake ni hii. Himo hadi Arusha ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Kwenda na kurudi mara mbili ni kama 420. Weka siku tatu za Moshi, na kanisani Jumapili, unafika 600 kwa wiki. Dizeli ile kwa uendeshaji wa kawaida itakupa kilomita 16 kwa lita, silinda sita ya petroli kama ya Lexus itakupa 10. Ni lita 37 au 38 dhidi ya 60. Ukichukua lita kwa shilingi 3,000, tofauti ya mwaka ni zaidi ya milioni 3. Hizo ni hela, si za kuchekwa. Tena safari zako za Arusha zinaifaa dizeli, maana kwenye ekzosi ina chujio la masizi ambalo hujisafisha gari likienda mwendo mrefu likiwa na moto. Mtu wa kutoka Kijenge hadi Mnara wa Saa na kurudi, huyo dizeli ya kisasa namkataza kabisa. Wewe sikukatazi. Ningeona risiti na picha za cheni iliyobadilishwa, ningekwambia kaa hapohapo. Bila hizo, kazi moja ya cheni itameza akiba ya mafuta, na ikikatika njiani itameza injini.

Kuna na jambo la matairi ambalo hakuna dalali atakayekutajia. Fungua buti la BMW hiyo utafute tairi la spea. Nyingi za umbo hilo hazina. Zilitoka kiwandani na matairi magumu ya ubavu, yale yanayoendelea kutembea hata yakiwa hayana upepo, kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Kilomita 80 ni Moshi hadi Arusha, sawa, hapo utafika. Lakini Desemba ukirudi kutoka Dar, tairi likapasuka Hedaru saa tatu usiku, nani atakuuzia tairi la namna hiyo? Nina wateja waliokwisha kuyang'oa, wakafunga ya kawaida na kubeba spea kwenye buti kama mtoto aliyekosa siti. Gari likawa laini zaidi kwenye matuta yetu, wanasema.

Umeuliza turbo na silinda sita zina maana gani huku kwetu. Zina maana kuliko Dar. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lexus yenye farasi zaidi ya 200 kwenye karatasi, ikifika Arusha imeacha kama 28 njiani. Turbo inaishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda, kwa hiyo mwinuko hauihisi sana. Ukitoka Boma Ng'ombe ukakuta malori matatu yamefuatana kabla ya Kikatiti, ndipo utakapojua tofauti: BMW na Benzi zinapita kwa kugusa, Lexus inataka uikanyage, ishushe gia mbili, ilie kidogo, ndipo iende. Inaenda, lakini lazima uwe umeamua mapema. Ukishafika Tengeru pale barabara ya njia mbilimbili inapoanza hadi Sakina, wote mko sawa, na askari wa tochi anawapenda wote.

Kama roho haitulii bila BMW, kuna njia, ila si ya milioni 36 na si ya Jumamosi. 320i ya umbo hilo hadi kufikia 2015 ni injini ya N20, nayo ina reli za plastiki za cheni zinazosagika. Kuanzia maboresho ya 2015 ikaingia B48, cc 1,998, turbo, na hiyo ni injini ninayoiheshimu. Spea zake zinaninyima biashara, na kwangu hiyo ni sifa. Endelea na Premio mwaka mmoja, tengeneza huo mlango, ongeza hela, utafute 320i ya B48. Na ukiipata usifuate ule ushauri wa kubadilisha oili kila kilomita 25,000. Uliandikwa kwa barabara za Ulaya. Kila 7,000 mwaga, weka yenye kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Na ukisikia kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, ujue ZF wenyewe wanaotengeneza giaboksi hiyo ya gia nane wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Benzi ya mwenzako. Injini ya C200 ya mwaka huo ni M271, turbo, farasi 184. Tamu, kimya, inaifaa barabara yako. Nayo ina udhaifu wa cheni, nyembamba kuliko kazi inayofanya, ikivutika inakula na meno ya gia za kamshafti, yaani ule mhimili unaofungua valvu. Afadhali yake ni kwamba iko mbele na fundi anaifikia bila kushusha giaboksi. Lakini kilichonisimamisha ni hiyo taa iliyozoeleka. Mbele ya kichwa cha injini kuna sumaku mbili za kamshafti. Zikichoka zinavujisha oili, na oili haidondoki chini ukaiona. Inapanda ndani ya waya kama utambi wa koroboi. Polepole inasafiri hadi kwenye sensa za oksijeni, na wengine huikuta imefika kwenye kompyuta ya injini. Kwa hiyo mwenzako inawezekana anasema kweli kwamba mashine inasoma sensa ya oksijeni, ila sensa ni mgonjwa aliyeambukizwa. Siku moja mwombe akufungulie boneti, chomoa soketi ya sumaku moja, ingiza pamba au kitambaa cheupe. Kikitoka kikavu, tuongee bei. Kikitoka na oili, uliza imefika wapi kabla hujauliza chochote kingine, na hapo mpime urafiki wenu, kwa sababu ukiinunua mtaonana mahakamani kila wiki.

Audi A4, kwa kifupi: ukiangukia petroli zenye turbo za miaka ya 2008 hadi kama 2012, ringi za pistoni zina sifa ya kupitisha oili, utakuwa unanunua galoni kama unanunua maziwa. Na nyingi za Japani zinazovuta kwa mbele zina giaboksi isiyo na gia za hatua (CVT) ambayo sitaki uniletee. Za kuanzia 2016 ni bora sana lakini si za bajeti yako. Kuagiza pia kuna TRA: gari lililopita miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, na juu ya hapo injini iliyozidi cc 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 badala ya 5. Ingia kwenye kikokotoo chao uweke namba zako kabla hujamsikiliza rafiki. Magari yote matatu uliyoyaona yameshalipiwa hayo, na hiyo ni faida yako.

Tumefika kwa mzee wa Njiro, na hapa nitakaa kidogo.

Shemeji yako alicheka akisema ni Toyota iliyobadilishwa nembo. Amesema kweli kubwa kuliko anavyojua. Injini ya IS 250 ni 4GR-FSE, silinda sita, cc 2,499, haina turbo. Fungua boneti ya Mark X 250G: 4GR-FSE. Crown nyingi za miaka hiyo: 4GR-FSE. Ni ndugu wa tumbo moja hadi chini kwenye fremu. Maana yake kwa wewe wa Himo ni kwamba pampu ya maji ya Lexus yako ipo dukani kwangu, ipo Moshi karibu na stendi, na ikibidi itatoka kwenye injini ya mtumba iliyoshushwa na meli wiki hii. Fundi wa Majengo ameshazifungua kumi. Hiyo ya dizeli ya BMW, hapa Arusha mafundi ninaoweza kuwakabidhi nikaenda kulala ni wawili, na mmoja huwa hapokei simu.

Mtetemo ulioona kwenye taa una jina. Injini hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni vizuri kwa nguvu, lakini valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli hata siku moja, kwa hiyo mvuke wa oili unagandia juu yake na kuwa masizi mazito. Hewa inaingia kwa shida, gari likisimama linatetemeka. Ndugu yake mkubwa, IS 350, aliwekewa pia nozeli za pili zinazonyunyizia nyuma ya valvu, na tatizo hili kwake ni dogo sana. IS 250 hakuwekewa. Mzee mstaafu anayeendesha taratibu kutoka Njiro kwenda sokoni na kurudi ndiye dereva anayelea masizi hayo vizuri kuliko wote, na wewe wa safari ndefu utayapunguza kasi.

Dawa yake ni kufungua mfumo wa hewa na kuzisafisha valvu kwa mkono, kazi ya siku moja au mbili kwa fundi mwenye subira, na plagi sita mpya wakati ameshafungua. Si chupa ya dawa ya kumimina kwenye tangi. Petroli haipiti huko kwenye valvu, dawa itapitaje? Lakini usihukumu kwa barua yangu. Pima kwa mashine kwanza, angalia kama kuna silinda inayokosa moto, angalia koili, na uangalie mito ya injini, maana nayo ikichoka hutetemesha. Uliza pia kama linapunguza oili kati ya sevisi na sevisi. Kama ni masizi tu, mtetemo huo ni punguzo lako. Mzee anataka 25. Mwambie kwa adabu gharama ya kusafisha, mtafika 23.

Kasoro nyingine za Lexus hiyo uzijue. Siti ya nyuma ni finyu, watoto watatu wakishakuwa vijana watakulaumu. Mafuta nimeshakuhesabia. Ni ya chini, na matuta yetu mengine hayakuchongwa kwa ajili ya binadamu. Na soma kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi kabla hujaijaza chochote. Kwenye rejeta weka kulanti, si maji ya bomba. Maji yetu ya Arusha yametuharibu meno kwa floridi, sijui kwa nini watu wanaamini yataipenda aluminiamu.

Kuhusu mama watoto. Wewe unaona anakataa magari yako yote. Mimi naona amechagua injini bora kuliko wewe na shemeji mkiwa pamoja, tena bila kusafiri. Anachokitaka ni 4GR, wewe unachokitaka ni heshima ya kushuka mbele ya mahakama. IS 250 ni Mark X iliyovaa joho. Mfikishie hivyohivyo, na umwambie ukitoa 23 kwenye 42 bado uzio unajengwa. Ila milioni 6 usiziguse, zikae benki kwa jina la gari: kusafisha valvu, bushi, shokapu, matairi manne, oili ya giaboksi. Gari la miaka hiyo, liwe la chapa gani, litazidai ndani ya mwaka wa kwanza.

Fanya hivi. Jumatano mpigie mzee wa Njiro, mwombe ruhusa ufike saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaliwasha. Shika boneti, iwe ya baridi. Liwashe mwenyewe, usiongee, sikiliza hadi sekunde kumi. Likitoka salama, lipeleke kwenye mashine, halafu nenda nalo hadi Usa River na kurudi. Alhamisi mpe dalali naye nafasi hiyohiyo, kwa haki: saa kumi na mbili, boneti ya baridi, na karatasi za maili mkononi. Akikubali na gari likawaka kimya, nipigie kabla hujafanya lolote. Akianza tena habari za betri, toa ule mkataba wenu, uchukue milioni 2 zako siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi.

Ukiwa na hela mkononi pita dukani, plagi sita nitakuwa nimekuwekea pembeni. Shemeji mwache Dar.